Ufizi wangu na mama mkwe

Jumanne, baada ya isha

Leo tena nimeachama mpaka taya zikachoka. Ufizi unapona vizuri, uvimbe umekwisha, lakini huku kuchunguzwa kunanichosha kuliko kidonda chenyewe.

Hapa Kindu mama mkwe hatazami kinywa cha mkwewe, na mjuzi wa fizi ni mama mkwe wangu. Basi siku ya kupasuliwa alikaa nyuma ya ukuta akielekeza, na mke wangu Zaituni ndiye aliyeshika kisu. Hata sasa ni vivyo hivyo.

"Usaha iko?" mama akamuuliza Zaituni kutoka nyuma ya ukuta.

"Hapana, mama."

"Inanuka?"

Zaituni akasogeza pua. "Kidogo."

Aibu gani hii. Nimechoka na uji, nimechoka na maji ya chumvi. Na jino la pembeni limeanza kulegea. Hilo sijamwambia mtu.

Zaituni alipotoka kumwaga maji, nilidhani mama naye ameondoka. Kisha sauti ikapita ukutani, taratibu.

"Mutoto wangu, nakusikia, usiku haulale. Jino ingine inauma?"

Tangu nioe hajawahi kusema nami. Nikajibu, "Ndiyo, mama."

Sasa nasikia kisu kinanolewa.