Waya Mrefu wa Kaski

Jumamosi, Ngagara

Hatimaye mgongo wangu umepumzika. Waya wa kaski yangu ya kusikilizia masikioni ulikuwa mfupi mno, nikawa nasikiliza muziki nimechuchumaa kando ya redio ya kaseti ya marehemu baba. Leo nimenunua waya mrefu sokoni, nikakaa kwenye kiti chake, pale dirishani. Niliweka rumba alizokuwa akituchezesha Jumapili.

Mama akapita, akasimama.

"Papa yako alikuwa anaikala vile vile, macho amefunga," akasema. "Ebu nipe na mi kidogo."

Nikamvika kaski masikioni. Mara akaanza kuimba kwa sauti kubwa, bila kujua. Tangu tumzike baba sijamsikia akiimba. Niliogopa atalia, lakini akaendelea kuimba.

Nikamwachia kiti, nikakaa kwenye kizingiti cha jikoni, nikimsikiliza yeye.