Jina Lililoachwa Porini Lionja

Ruangwa,
Septemba 2008

Kwa kaka yangu mpendwa Twaha,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe, wifi Rabia na wote hapo Lionja. Mikorosho imetoa maua vizuri mwaka huu? Mimi mwili mzima, ila moyo haujarudi mahali pake tangu juzi. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujamwambia mtu.

Unajua kazi yangu hapa ni kuingiza kwenye kompyuta habari za afya za watoto wa Nachingwea na Ruangwa. Naingiza namba za kaya tu kwenye jedwali la Excel. Majina yanakaa kwenye faili jingine ambalo sina haja ya kulifungua. Juzi akaja mtaalamu wa takwimu kutoka Dar, bwana Eustakio, kijana mpole anayekunywa soda tangu asubuhi. Akafungua programu yake inayoitwa R, herufi moja tu, akaandika mistari michache, akaniambia niache kipanya nitazame.

Kaka, Excel ilifunguka yenyewe. Safu zikajipanga, majina yakawa yanashuka kando ya namba zangu na hakuna mkono uliogusa. Nilitaka kuchomoa waya ukutani. Eustakio akacheka, akasema R ndiyo inayoiamuru Excel, na ameiagiza impake rangi nyekundu kila mtoto aliyeandikwa amefariki. Nikawa nacheka naye. Ndipo nikaona wavulana wa Lionja, wekundu mstari baada ya mstari, na katikati yao jina la mwanao, lile la kabla ya jando.

Nililia, sitaficha. Kilichoniuma zaidi ni kudhani mmemzika mkaninyima habari, mimi shangazi yake. Nikatoka mbio hadi sokoni kumtafuta Agapiti, yule mnunuzi wa ufuta anayekuja huko kila wiki. Akanishangaa, akasema jana yake tu amemwacha mwanao Bilali uwanjani anacheza mpira. Nikakaa juu ya magunia yake.

Hapo nikaelewa. Wadodosaji waliopita kwenu ni vijana wa mbali. Walikuja na majina ya zamani, wakamuuliza wifi Rabia habari za mtoto kwa jina aliloliacha porini alipopewa jipya jandoni. Nani kwetu angeitikia jina hilo, ambalo kulitamka baada ya jando ni kumtukana mtoto? Wifi akainama akanyamaza, kama walivyonyamaza akina mama wengine, nao wakauona ukimya ule ni msiba. Hawakuuliza tena. Wakaandika amefariki.

Nikarudi ofisini nikamkuta Eustakio anaandaa ripoti. Alisema wavulana wa Lionja wanakufa mwaka wa jando, na Ijumaa anaipeleka makao makuu ili jando lisimamishwe. Nikamwambia hawajafa. Akanijibu kwa upole kwamba hawezi kufuta kifo kwa neno langu tupu, anataka jina la zamani na la sasa la mtoto yule yule.

Kaka, nisamehe. Nililitaja. Mbele ya ofisi nzima nilitamka jina la utotoni la mwanao, Eustakio akaliandika sambamba na Bilali, akaiamuru mashine upya. Wekundu ukafutika pale pale. Najua ni tusi, na angelitamka mtu mwingine ungemtoza faini ya kuku. Hapa sitaliandika.

Lakini wenzake bado ni wekundu, na majina yao mapya siyajui. Nenda kwa wazazi wao na kwa wakubwa wa jando uwaombe ruhusa, kisha mpe Agapiti, huyu anayekuletea barua hii na atakayekusubiri, majina yote mawili ya kila mtoto aniletee kabla ya Ijumaa. Najua unachowaomba ni kigumu. Waeleze kwamba wakinyamaza mara ya pili, hakutakuwa na jando tena Lionja.

Nisalimie wote, na wifi Rabia mwambie simlaumu hata kidogo. Bilali naye mwambie shangazi yake amemtukana mbele ya watu, na ndiyo sababu yu hai.

Ndimi mdogo wako,
Saada