Ile Seva Niliyoilaumu Kajiado

Jumamosi, Agosti 2008. Kitengela.

Baridi, upepo, na vumbi kwa kila kitu, hadi kwa mkate. Nilifua nguo asubuhi na sasa zimegeuka rangi ya mchanga. Nimechoka. Na si uchovu wa usingizi.

Nianze na Alhamisi. Tulikuwa tunazindua mfumo wa kusajili mifugo ya ushirika mmoja pale Kajiado, mfumo ambao nimeuandika karibu peke yangu mwaka mzima. Wazee wa kamati wameketi mbele na fimbo zao. Meneja wa ushirika akabonyeza mara ya kwanza, na kompyuta ikaandika kwamba kipande cha usajili hakipatikani.

Akaniuliza shida ni nini.

"Ni seva," nikasema. "Haijawekwa vizuri."

Hata sikufikiria. Mdomo ulinitangulia.

Seva, ile kompyuta kuu inayoendesha programu, inatunzwa na Hussein, baba ya watoto wanne aliyehama na familia kutoka Garissa kuja kufanya hii kazi. Bado yuko kwa probation, na Jumatatu kamati inaamua kama atabaki. Hakubishana na mimi. Alisema tu, "Niliiweka vile kitabu kinasema, dada," akaanza kukusanya nyaya zake.

Kwa wasiofanya kazi hii: programu yangu imegawanywa vipande. Kipande kikihitaji mwenzake, hakiendi kumtafuta. Naweka alama pale, na seva ndiyo inamleta. Ni kama mgeni aliyekaribishwa. Haingii jikoni kutafuta kikombe, analetewa chai pale alipoketi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuhamia seva ya aina nyingine na mambo yaendelee. Hivyo ndivyo nilimwambia Hussein mwezi wa sita, aliponiuliza kama nimejaribu programu kwa seva kama yao. Nilimjibu standard ni standard, kanuni ni zile zile kwa seva zote, kwa ile sauti ya mtu anayejiona amesoma zaidi.

Leo ndio nimeweka aina ya seva yao kwa laptop yangu. Kazi ya nusu siku, na nimeikwepa miezi miwili. Programu ikakataa vile vile, maneno yale yale.

Nikatafuta. Kuna kipande kimoja nilikitengeneza kando, seva haikijui, kwa hivyo hakuna wa kukiletea chai. Hapo nilikuwa nimeandika anwani ya mwenzake, kile cha usajili, kwa mkono, kwa majina ambayo seva ya zamani ya laptop yangu inatumia. Seva ya Kajiado inatumia majina mengine. Na juu ya huo mstari kuna maneno yangu mwenyewe: "badilisha hii baadaye."

Nilijua. Hiyo ndiyo inaniuma. Siku ile naandika, nilijua.

Kurekebisha kumechukua dakika kumi. Halafu nikawaza hila: nitume faili mpya kimyakimya, niseme wajaribu tena, kila mtu aamini Hussein ndiye hatimaye ametengeneza seva yake. Nilikuwa nimeshaanza kuandika hiyo barua pepe wakati simu ililia. SMS, kutoka kwake.

"Dada, nimeweka seva upya mara tatu tangu juzi. Labda kweli ni mimi. Nielekeze pole pole."

Nimelia. Sina haja ya kujificha hapa.

Nimefuta ile barua nikaandika nyingine kwa meneja. Kosa ni mstari mmoja, niliuandika mimi, seva ya Hussein haina shida yoyote, na aliniuliza mapema nikampuuza. Nimemwomba awasomee wazee kabla hawajaamua. Nakala nimemtumia Hussein. Wanaweza kunitoa mimi badala yake, na nikifikiria hiyo nachoka upya. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mimi sina nguvu ya kuitembea hata hiyo fupi.

Hussein hajajibu bado. Jumatatu nitakuwa Kajiado kabla ofisi ifunguliwe. Sijui kama ataniita dada tena.