Isale Lenye Fundo

Kariakoo,
Alhamisi, 5 Desemba 1974.
Asubuhi ina mawingu mazito, joto la kutoa jasho, mvua bado.

Mpendwa Dada Severa,

Shikamoo. Sisi wazima, ila shemeji yako Filbert anakohoa kidogo. Wewe na watoto wako hamjambo huko Kibosho?

Furushi la masale nimelipokea kwa utingo wa basi. Tangu mama azikwe mwezi wa nne, mimi nisiwepo, hukuniandikia hata mstari mmoja. Leo unaniletea majani ya Krismasi. Nani kakwambia natengeneza mapambo? Na unataka nini?

Tunatengenezea uani, mimi na Zamzam wa chumba cha pili. Unga wa ngano hakuna, kwa hiyo tunagundisha kwa uji wa muhogo. Magazeti tunayakata vipande na kuyachovya kwenye rangi yake ya kutilia ukili wa mikeka, kisha tunayaunga minyororo. Nyota ni karatasi za ndani za pakiti za sigara.

Zamzam akashika jani moja lililopigwa fundo. “Hili nalo hirizi?”

Nikamweleza kwamba kwetu Uchagani isale lenye fundo ni ombi la msamaha, na aliyeletewa hakatai.

“Mna raha nyie! Sisi tunaombana radhi mpaka midomo inakauka.”

Nikamwambia hili ni la kufungia mzigo tu, dada yangu hajawahi kuniomba hata chumvi. Nikapitisha mkasi katikati ya fundo. Vipande nimevipanga nyuma ya nyota, imependeza.

Asante kwa majani.

Mdogo wako,
Winifrida

*

Kibosho,
13 Desemba 1974.

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, baridi tu. Ng'ombe kazaa, dume tena.

Habari ya mapambo alinipa Elisaria, mtoto wa shangazi, aliporudi kutoka huko. Usitafute mchawi.

Furushi nililifunga kwa kamba ya mgomba, mizunguko mitatu. Ulilifunguaje usiione? Mwanamke aliyezaliwa kwa mama yetu anakata isale lenye fundo, tena anamchekesha jirani! Nimeisoma barua yako mara mbili, kisha nikaificha ili shangazi asiione.

Yapo mambo hayaandikwi. Ndiyo maana wazee walituachia jani. Sasa niambie: hukujua, au umenikataa? Kama umenikataa, nisikie kwako, nisisikie kwa Elisaria.

Dada yako,
Severa

*

Kariakoo,
Alhamisi, 19 Desemba 1974.
Asubuhi mvua, mchana jua kali.

Dada Severa,

Shikamoo. Filbert amepona kikohozi. Zamzam anakusalimu, anauliza ndama amepewa jina gani.

Barua yako nimeipata leo. Nilikuwa nimeshaandika jibu kwamba sikujua, nikalichana.

Kamba ya mgomba niliiona, Dada. Niliifungua kwa mikono yangu. Nilikata nikijua.

Jani hilo halikataliwi, nawe unalijua hilo kuliko mimi. Ningelipokea, ningekuwa nimekusamehe siku hiyohiyo, na nisingekuwa na haki ya kukuuliza tena. Nikusamehe nini? Ninachojua ni kwamba telegramu ilinifikia mama akiwa ameshafukiwa. Labda posta walichelewa. Labda wewe ndiye uliyechelewa, na sijui kwa nini: uliogopa nini, au uligombea nini. Kila ninapokata karatasi nawaza sababu mpya, na kila moja ni mbaya kuliko iliyotangulia. Jana nilifikiri hata kwamba mama mwenyewe alikukataza usiniite. Hiyo ndiyo iliyoniliza.

Kwa hiyo sijakukataa. Na sijakusamehe.

Filbert amenipatia nafasi kwenye basi la Jumatatu. Nikifika, usinipe jani jingine, wala usimwite shangazi atusuluhishe. Tukae jikoni wawili, unitajie ni siku gani ulikwenda posta, na mama alisema nini. Hata kama alisema hanitaki.

Nazima koroboi, saa tano na robo usiku.

Mdogo wako,
Winifrida