Onyo Nililolifuta

Bo-ram, nimekwisha. Nakuandikia kwa simu, nimeificha chini ya meza.

Unalikumbuka lile onyo, "mpangilio huu umepitwa na wakati", lililokuwa likitukera kila tukiunda programu? Leo asubuhi nimelifuta. Mstari mmoja tu!

Sasa jina langu ndilo la mwisho kati ya walioligusa lile faili bovu lililokuwa na onyo, na sheria ya ofisi unaijua: aliyeligusa mwisho ndiye mwenyewe, na ndiye wa kulitengeneza.

Tuko kwenye chakula cha timu. Mkuu Noh kanimiminia pombe ya soju kwa mikono miwili, heshima ya kumpa mkubwa wako. Mikono miwili, Bo-ram! Mimi, mdogo kuliko wote!

Nikamwambia, "Mkuu, nimefuta onyo tu."

"Najua, mwanangu. Nililiweka mimi, nikangoja limchoshe mtu alifute. Kunywa. Na ile tiketi yako ya kwenda kwenu sikukuu ya Chuseok, irudishe; sikukuu utashinda hapa na faili lako."

Wote wamepiga makofi.