Turubai la Msiba kwenye Mtumbwi Wako

Baba,

Nta bado haijakauka, na mimi siwezi kukaa bure, kwa hiyo nakuandikia. Nimekaa kwenye benchi lako la kazi. Mtumbwi uko mbele yangu umepinduliwa, na kila nikiandika maneno mawili nainuka kwenda kuugusa. Ungekuwepo ungeshanifukuza humu ndani.

Mama anakula sasa, ingawa mpaka tumgombeze. Habari yenyewe ni ya Butoyi. Pacha wangu ana mimba, Baba. Ilikuwa changa ulipotutoka, akaona haya kuisema msibani. Sasa siku zake zimekaribia, na nesi amesema mtoto amekaa vibaya, asithubutu kuzalia nyumbani, aje hospitali Kasulu. Na wewe unajua alikoolewa, ng'ambo ya mto. Lile daraja la magogo lilichukuliwa na maji, hakuna aliyelirudisha. Mvua zimeshaanza, barabara ya kuzungukia Kibondo ni tope tupu, hata bodaboda wanaikataa. Mitumbwi ya wavuvi iko mbali kule chini, ya kuchonga, mizito, nani ataipandisha kwenye mawe yale? Ni huu wako tu, wa mbavu za mti zilizovikwa turubai, ulioachiwa na yule padri mzungu, ambao watu wawili wanaubeba mpaka kivukoni.

Nilipoufunua nilitaka kulia. Tangu ulipougua hakuna aliyeushika. Mchwa walikuwa wamekula mbavu za nyuma, na turubai lake limeoza, ukilivuta linabaki mkononi.

Mbavu nimezitengeneza kwa msave, ule mti wa maua ya njano uliosema haukatiki ukikunjwa. Nilichemsha vipande kwenye pipa nikavikunja vikiwa vya moto. Vingine vilivunjika kwa haraka zangu. Nikakusikia kabisa, "Buhoro, Bukuru, buhoro." Polepole gani, Baba, na mto unapanda? Nilikujibu kwa sauti, Mama akatoka nje kutazama nagombana na nani. Misumari ya shaba haipo Kasulu nzima, nimetumia ile midogo ya mafundi viatu na kuipaka nta isishike kutu. Nta ni ya wafuga nyuki wa Kibondo. Nimeiyeyusha pamoja na ulimbo wa msonobari kama ulivyokuwa ukifanya, ila kipimo ulikijua wewe kwa kunusa. Mimi nimenusa mpaka kichwa kikaniuma, na sina hakika kama nimepatia.

Lakini kilichonitoa jasho ni turubai. Madukani nikiuliza la pamba wananicheka, wanasema hayo yaliisha zamani, siku hizi ni plastiki tu. Nikajaribu hilo la plastiki. Msumari unalichana, na nta hailishiki hata kidogo. Nikaenda mpaka Mtabila, nikifikiri walionunua vitu vya wakimbizi kambi ilipofungwa mwaka jana watakuwa na mahema ya zamani. Wana plastiki wao pia, wamefunikia mabanda ya kuku. Nilirudi nimechoka hadi nikashindwa kumsalimia Mama vizuri.

Ndipo katekista akanionea huruma. Kigango kimenunua turubai jipya, akasema, la zamani liko stoo, nichukue. La pamba, Baba, zito, zima. Nililikumbatia pale pale. Nikalikata kwa mkasi wa Mama, nikalivuta, nikaligongea, nikalipaka nta, na muda wote huo sikuwaza kitu kimoja ambacho kijiji kizima kilikiwaza mara moja. Ni turubai la msiba. Ni lile tulilokaa chini yake tulipokuzika.

Kisimani nilikuta wanawake wanalisema turubai hilo. Mmoja akaniuliza kama ninamshonea dada yangu jeneza. Unaujua ulimi wangu, nilimjibu nisichokiandika hapa. Maneno yakavuka mto kabla ya mtumbwi. Butoyi akanipigia simu analia.

"Bukuru, sitaingia kwenye turubai la msiba na mtoto tumboni. Bora nizalie hapa hapa."

Nikakata simu, Mungu anisamehe, nikaja kukaa hapa nikiutazama mtumbwi na kuuchukia. Nilifikiria kulibandua lote. Halafu niuvalishe nini? Nikaanza kuikumbuka siku ile. Mvua ilinyesha, unakumbuka? Hapana, hukuiona. Wewe ulikuwa sebuleni, kwenye jeneza. Nje walikuwa majirani wamebanana, watoto wanapigania sahani, Mama ananyweshwa uji kwa kijiko, na Butoyi amenilalia begani anakoroma, mjamzito tayari nami sijui. Hakuna hata mmoja wetu aliyelowa.

Nikapanda kilimani kutafuta mtandao. Nikamwambia, "Butoyi, Baba hakulala chini ya turubai lile. Alikuwa ndani. Chini yake tulikaa sisi, tulio hai."

Alipenga kamasi kwanza.

"Basi panda wewe kwanza," akasema. "Ukifika huku mkavu, na mimi nitapanda."

Mimi, Baba! Mimi niliyekuwa nikifumba macho ulipotuvusha na kung'ang'ania mbao kuanzia ukingo huu hadi ule, huku Butoyi anachezesha mkono majini na kunicheka. Sijui kuogelea. Kasia nilishika mara chache, na wewe ukiwa nyuma yangu. Lakini hakuna mwingine anayeujua mtumbwi huu, na Butoyi hatakubali kuvushwa na mwingine. Leo asubuhi niliujaza maji kuupima. Ulitulia, nikaanza kushukuru, halafu nikaona unyevu karibu na mkia. Nimeongeza nta hapo. Nimeongeza tena. Nta imenigandia vidoleni, ndiyo maana mwandiko uko hivi.

Katekista atanisaidia kuubeba alfajiri. Mama amekataa kuja kutazama, yuko ndani na rozari yake. Hajanikataza lakini.

Nakuaga hapa, Baba, maana nta imeanza kukauka na bado nina kamba ya kufunga. Nakuahidi nitavuka, nitamkalisha Butoyi katikati, nitampigia kasia mpaka huku, na mwanawe atazaliwa kitandani Kasulu. Asipokubali nitabaki naye ng'ambo hadi mwisho, simwachi peke yake.

Nami nakuomba jambo moja tu. Mama anasema waliotangulia huja kuwapokea watu wao saa ya kufa. Tumekukumbuka mno, sisi sote wawili, na nikizidiwa na woga katikati ya mto nitakuita, najijua. Usiitike. Kesho usije mtoni, Baba, usitungoje.

Mwanao,
Bukuru