Uliiona Damu Kabla Yetu

Shemeji yangu, Mama Trésor,

"Mashine haiwezi kuona sumu." Hayo ni maneno ya Prosper, kaka yetu mkubwa. Aliyasema mwezi uliopita mbele ya daktari, mimi nikiwa nimelala ubavu kwenye kitanda cha magurudumu, dawa ya usingizi haijanitoka vizuri. Naanza nayo kwa sababu ndiyo hoja pekee iliyobakia mikononi mwa familia yetu dhidi yako. Naijibu hivi: ni kweli, mashine haioni sumu. Wala sisi hatukuiona. Hakuna mtu aliyeiona sumu hiyo, popote, siku yoyote. Tofauti ni kwamba mashine haikudai kuwa imeiona.

Naandika barua hii gazetini, kwenye ukurasa huu ambao wasomaji wamezoea kuniona nikigombana na watu. Nilikushtaki mbele ya ua mzima. Sioni kwa nini nije kukunong'oneza pembeni.

Miaka tisa imepita tangu utoke kwenye ua wetu wa Katuba na begi moja, binti yenu Gracia akikushika nguo. Nakumbuka viti vya plastiki vilivyokodiwa kwa ajili ya kilio cha Célestin, mume wako, kaka yangu. Ilikuwa siku ya kumaliza kilio. Ndugu zako walikuwa wametoka Kambove asubuhi, wamekaa upande wa ukuta. Sisi tulikaa upande wa nyumba. Kwetu, siku kama ile, familia humpa neno yule anayejua kusema. Walinipa mimi.

Nilisema vizuri, Mama Trésor. Hilo ndilo linalonisumbua, kama kuna kitu kinachonisumbua siku hizi. Nilisimama, nikangoja watu wanyamaze, nikakuuliza ni nani aliyejua kwanza kwamba Célestin anatoka damu chooni. Ukajibu kwamba ni wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa ukifua nguo zake. Nikawageukia watu nikasema: "Damu ya muntu mukubwa, nani anaiangaliaka? Ni ule mwenye kuingojea." Wazee waliguna. Mtu mmoja nyuma alisema "Eeh!" Mwanao Trésor alisimama kukutetea, Prosper akamwamuru akae. Basi. Kesi yenyewe ilikuwa hiyo tu. Ushahidi wote niliokuwa nao ni kwamba ulimtazama mume wako kwa makini.

Wala sikuwaambia watu kwamba damu hiyo mimi niliijua pia, kwa sababu ulikuja kuniambia. Ilikuwa Jumapili baada ya misa. Ulikuwa bado na kitambaa cha kanisani kichwani, ukanivuta hadi kwenye pipa la maji. "Shemeji," ulisema, "Célestin anatoka damu, na anaficha. Mukaba wake amekwisha kuutoboa tundu mara mbili. Umwambie aende kwa docteur. Weye atakusikia." Nikasema sawa. Juma lile nilikuwa na mjadala redioni, kisha mwingine. Sikumwambia kitu. Miezi baadaye, tumbo lilipovimba, Prosper alimpeleka kwa mtu mmoja wa maombi, akarudi na neno: amekula kitu, yaani amelishwa sumu. Tangu siku hiyo hatukusema tena ugonjwa. Tulisema kitu. Hospitalini alifika amechelewa, akakaa siku mbili, akafa.

Nilikaa nyumbani kwenu miaka minne nikiwa mwanafunzi. Chumba cha nyuma, kile chenye dirisha la kuangalia njia ya reli. Célestin alikuwa akirudi kutoka karakana ya reli na grisi mpaka masikioni, wewe ukimkatalia kushika mtoto kabla hajaoga. Ulinipikia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki wa thomson, wale wa barafu, mwisho wa mwezi, na vipande vya mkiani ulivila wewe. Makala yangu ya kwanza ilipotoka uliisoma umesimama, mtoto mgongoni, ukanirudishia gazeti ukasema: "Shemeji, hapa chini unapiga muntu mwenye alishaanguka." Nilicheka. Nilidhani umenisifu.

Sasa nikueleze yaliyonipata.

Mwaka huu mimi pia nilianza kutoka damu. Niliificha miezi minne. Unajua kwamba naishi peke yangu tangu mke wangu aondoke. Najipikia mwenyewe, nanunua unga mwenyewe, sufuria naosha mwenyewe. Siku moja asubuhi nilikaa jikoni nikawatafuta kichwani watu walionilisha. Nilifanya hivyo kwa dhati, kama tulivyofundishwa. Nilipita majirani, wenzangu wa gazeti, harusi moja ya Kipushi. Sikupata mtu. Hakuna aliyenipikia. Hakukuwa na mwanamke wa kumshtaki. Basi nikaenda kwa daktari.

Alinituma kwenye kituo kidogo upande wa Karavia, mahali wanapotazama tumbo kwa kamera na mgonjwa anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kipimo chenyewe kinaitwa kolonoskopi: bomba laini lenye kamera linaingizwa kwa nyuma, linapita utumbo mpana mpaka mwisho wake. Siku mbili kabla yake hutakiwi kula sombe, mchicha wa lengalenga wala maharage. Ni mchuzi usio na kitu ndani na chai isiyo na maziwa. Siku ya mwisho unakunywa lita nne za dawa ya kusafisha tumbo, yenye chumvi na harufu ya limau ambalo si limau. Bombani maji yalikuwa yamekatika. Nilijaza ndoo sita. Nilikwenda chooni mpaka kilichotoka kikawa cheupe kama maji, na mimi nikawa mweupe vilevile ndani. Sikuwaza kitu.

Asubuhi, muuguzi aliniuliza: "Papa, garde-malade yako eko wapi? Bila muntu wa kukurudisha nyumbani, hatukulalishe." Sikuwa na mtu. Nikampigia Prosper.

"Banakuingizia camera fasi gani?" akauliza.

Nikamwambia.

"Mudogo! Unaangaliaka ba ministre mu macho kila siku, leo njo unaenda kubageuzia mugongo?"

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini alikuja, na shati la Jumapili, akakaa kwenye benchi na kofia magotini. Hilo namwandikia kwa heshima: alikuja.

Daktari ni mwanamke, mdogo kwetu sote kwa umri. Alikuwa na karatasi ya kujaza. Akauliza kama kuna mtu wa damu yangu aliyewahi kuumwa utumbo. Nikasema hapana. Akauliza kama baba, mama, kaka, dada, kuna aliyekufa na tumbo. Nikasema kaka yangu, lakini yeye ilikuwa sumu. Hakuinua kichwa. Akauliza: damu? Ndiyo. Alikonda? Ndiyo. Alikosa damu mwilini, akachoka, akawa anafunga choo? Ndiyo, ndiyo, ndiyo. Muda gani? Miezi kumi na minne.

"Nani aliona hiyo damu ya kwanza?"

"Bibi yake."

"Huyo bibi aliona muzuri. Alisema nini?"

"Alisema tumupeleke hospitali."

"Na ninyi mulifanya nini?"

Nikasema tulimpeleka kwa mtu wa maombi. Miaka ishirini napata mkate kwa kujibu watu, na jibu langu lilikuwa hilo. Aliandika kitu kwenye karatasi, akasema twende.

Nililala. Nilipoamka alituonyesha picha, mimi na Prosper. Ukuta wa waridi, umelowa, na kitu kama uyoga mdogo kimesimama juu yake. Vilikuwa viwili. Alikuwa amevikata palepale, sikusikia hata. Baada ya wiki mbili majibu ya maabara yalikuja: kimoja kilikuwa kimeanza kugeuka kuwa kansa, lakini ubaya wote uliishia ndani ya kile kilichotolewa. Nirudi baada ya mwaka. Kingeachwa, alisema, kingechukua njia yake.

Ndipo Prosper, siku ile ya picha, alipotoa neno lake kuhusu mashine na sumu. Daktari alimwangalia. "Papa," akasema, "kaka yenu sikumupima. Siwezi kuandika alikufa na nini. Lakini hii hadithi yenu, bantu banakuja kunielezea kila wiki, juu ya hicho kiti. Nikiingiza kamera, sikute sumu. Nakuta hivi."

Wapinzani wangu watasema: basi hakuna uhakika. Sawa, nawaachia hilo. Célestin hakupimwa, na kilichomuua hatutakijua kwa hakika. Lakini anayeshtaki ndiye anayepaswa kuleta ushahidi, na mimi, niliyewadai mawaziri ushahidi kwa kila sentensi, kwako niliwaletea watu sentensi nzuri tu. Mji huu una wajane wangapi waliofukuzwa kwa neno moja, kwa sababu wao ndio waliokuwa karibu na sufuria na karibu na nguo chafu? Sijui idadi. Namjua mmoja.

Hapa ningepaswa kukasirika. Nimeitafuta hasira, sijaiona. Wala machozi. Nilikaa siku nzima nikiangalia ile picha, nikahisi kama mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi: unajua ni wako, unaubonyeza, hakuna kitu. Kwa hiyo sikuandikii kwa sababu moyo umenijaa. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo lisilongoja moyo wangu.

Daktari alisema kitu hiki hutembea katika damu ya familia. Watoto wa Célestin wapimwe, na sisi ndugu zake pia. Gracia ataambiwa umri wake wa kuanza. Trésor, sasa. Nilimpigia Trésor mara tatu. Mara ya tatu alipokea, akasikia sauti yangu, akasema: "Papa mudogo, dawa yenu ya familia muikunywe wenyewe," akakata. Ana haki. Lakini haki hiyo inaweza kumuua, na aliyempa ni mimi.

Mama Trésor, sikuombi unisamehe. Usinijibu, usinipokee, usiniite shemeji tena ukipenda. Mwambie tu kijana aende. Wewe ndiye uliyeiona damu mara ya kwanza, na hatukukusikia. Yeye atakusikia. Kaa salama huko Kambove, wewe na Gracia.

Na sasa nawageukia ninyi, Prosper, na dada yetu Godelive, na kila aliyekaa upande wa nyumba siku ile akaguna niliposema. Mnajijua, na gazeti hili mnalisoma. Jumapili ijayo, baada ya misa ya kwanza, tunakwenda Kambove. Sitakwenda kuwasemea, siku hiyo kila mtu atafungua mdomo wake mwenyewe. Mtasimama mbele ya ndugu zake na majirani zake, mmoja baada ya mwingine, na mtasema: hakumuua. Msiseme "huenda." Msiseme "yaliyopita." Trésor awepo, awasikie kwa masikio yake. Na Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, mkae kwenye benchi la kituo kile, vipimo vyenu vipangwe, Trésor akiwa katikati yenu.

Mimi, mdogo wa mume wako